Uzi: Padre, maiti na kituo cha anga cha mbali. Tusuke hadithi yetu wenyewe hapa Mwanza

#1 Miamba Mitatu

Wakuu salaam, na wale wa Rock City mwangaluka.

Kuna aina ya hadithi naipenda kuliko zote na humu sijaona ikijadiliwa. Mauaji yanatokea kwenye kituo cha anga kilicho mbali na kila kitu, na kati ya wakazi wake yumo mtumishi wa Mungu: padre, sista, mchungaji, shehe, yeyote. Watu wachache, milango ya chuma, nje hakuna hewa, mtu mmoja kafa. Nimezisoma za kutosha kuwa na malalamiko, na leo nayamwaga.

La kwanza ni mashine ya kurasa za mwisho. Umesoma kurasa 300 unakuna kichwa, kumbe kulikuwa na mtambo ambao mwandishi hakuutaja popote, nao ndio uliofanya kazi yote. Mwaka 1929 Ronald Knox, padre Mkatoliki wa Uingereza aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya za upelelezi, alitoa amri kumi za uandishi huo. Moja inakataza sumu isiyojulikana na chombo chochote kinachodai maelezo marefu ya kisayansi mwishoni. Nyingine inapiga marufuku miujiza na mizimu. Sasa tazama: mwandishi wa anga ana mashine mfukoni, mwandishi wa padre ana muujiza. Anayeandika vyote viwili kwa pamoja ana njia mbili za kumwibia msomaji, na wengi huzitumia zote.

La pili ni kola. Mwandishi anampa mhusika kola nyeupe, rozari na sauti ya upole, basi kamaliza. Mvue kola umvalishe koti la daktari, hadithi inaendelea vilevile. Huyo ni mpelelezi aliyeazima nguo. Kipimo changu ni kimoja: ukimtoa padre, fumbo lianguke.

Padre ana nini ambacho daktari, polisi na mhandisi hawana? Siri ya maungamo. Na hapa wengi wanadhani wanaijua kwa sababu wanajua padre hasemi. Someni Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa: muungamishi haruhusiwi kumsaliti aliyeungama kwa maneno wala kwa namna nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Namna nyingine yoyote ni pamoja na kukunja uso, na kuhama meza ili usile naye. Kanuni ya 984 inakaza zaidi. Hata kama hakuna hatari ya siri kutoka, padre haruhusiwi kutumia alichosikia kwa namna ya kumdhuru aliyeungama. Akiivunja siri moja kwa moja, ametengwa na Kanisa papo hapo, na kumwondolea adhabu hiyo ni juu ya Roma.

Kwa hiyo padre aliyeungamiwa ndiye mtu pekee kituoni asiyeweza kupeleleza. Hata akiokota ushahidi sakafuni kesho yake, inabidi ajiulize ameuona kwa macho au kwa masikio. Hadithi nyingi zinamfanya padre kuwa mpelelezi mkuu. Mimi nasema ndiyo kosa la msingi. Yeye ndiye chumba kilichofungwa.

Kwa nini kituo kiwe mbali? Kituo cha Kimataifa kinachozunguka sasa kipo kilomita 400 hivi kutoka ardhini, pungufu ya safari ya basi ya Mwanza hadi Dodoma. Papa Benedikto wa XVI aliwapigia waliomo mwaka 2011, Fransisko akawapigia 2017. Kwa hali hiyo askofu yupo simu moja tu, na hadithi inakufa. Peleka kituo Jupita. Ujumbe wa redio unachukua kama dakika 33 hadi 54 kwenda tu, kutegemea sayari zimekaaje, na jua likiingia katikati mawasiliano yanavurugika. Halafu maungamo hayafanyiki kwa mtandao. Vatikani ilishasema mwaka 2002 kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti. Padre akiwa peke yake huko, kila mtu ana wa kumwungamia isipokuwa yeye.

Wanaosema mambo haya hayawezekani, kuna mfano hapa hapa duniani. Urusi ina kituo Antaktika kinaitwa Bellingshausen. Juu ya kilima jirani pana kanisa la mbao la Kiorthodoksi, la Utatu Mtakatifu, lililotabarukiwa 2004, na mapadre hupokezana zamu kwenye baridi ile. Oktoba 2018, kwenye kituo hichohicho, mtu alimchoma mwenzake kisu. Majeruhi akapelekwa Chile, akapona. Mtuhumiwa akarudishwa Urusi, na mwaka uliofuata kesi ikafutwa baada ya wawili hao kupatana. Sisemi padre alihusika. Ila mwandishi anayeliona hilo na bado anahangaika na roboti muuaji, huyo namshangaa.

Nataka tuisuke yetu. Padre anatoka Jimbo Kuu la Mwanza. Karibuni.

#2 Sangara Mkavu

Uzi wa kibabe. Naweka kambi hapa na kahawa yangu. Ila mkuu, padre wa Mwanza atafikaje Jupita wakati barabara ya kwetu tu haijafika?

#3 Miamba Mitatu

Sangara, wakati kivuko cha Kigongo kinatuweka foleni saa nzima, nani aliamini tutavuka kwa daraja? Lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji. Tuendelee.

Kuhusu askofu: inasimuliwa kwamba baada ya safari ya mwezini 1969 askofu wa Orlando, Florida alimwambia Papa kuwa yeye ndiye askofu wa Mwezi, kwa sababu sheria ya zamani ya Kanisa ilimruhusu padre aliye safarini baharini kuungamisha kwa ruhusa ya askofu wa bandari aliyoondokea, na chombo kiliondokea jimboni kwake. Kwa hesabu hiyo, tukirusha kutoka Mwanza, Jupita ni parokia ya Bugando. Huo ni utani, usiniletee mwanasheria.

#4 Wakili wa Igoma

Umeshamleta.

Mnauliza nani muuaji. Mimi nauliza nani atamkamata. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema nchi iliyosajili chombo ndiyo yenye mamlaka juu ya chombo na watu waliomo. Kwa kituo cha sasa kuna makubaliano ya 1998 ambayo kifungu chake cha 22 kinaanza na uraia: kila nchi inashughulika na raia wake. Marehemu akiwa wa nchi moja, mtuhumiwa wa nyingine, na chumba alichofia ni cha nchi ya tatu, hapo mawakili tunakula vizuri.

Kwa hadithi yako maana yake ni kwamba mkuu wa kituo hana jela, hana hakimu, na meli ya kumrudisha mtu itakuja baada ya miaka. Watalala na kuamka na muuaji, wanajua hivyo. Usiruke hilo, lina uzito kuliko kumtaja jina.

#5 Dada wa Nyegezi

Mkuu Miamba, swali dogo linalonisumbua. Kituo kama hicho kina vinasa sauti kila kona, na pengine mashine inayosikiliza ili kutambua hitilafu. Huyo padre anaungamisha wapi? Kanisa lilirekebisha sheria zake za adhabu 2021, na Kanuni ya 1386 sasa inataja waziwazi anayerekodi maungamo kwa chombo chochote au kuyatangaza. Na 983 uliyoitaja ina aya ya pili: hata aliyesikia kwa bahati anafungwa na siri hiyo. Fundi wa mawasiliano akisikia kwa bahati, naye kafungwa mdomo. Mashine ikisikia je? Haina dhamiri, ina faili tu.

#6 Miamba Mitatu

Dada, umenipa sura nzima. Padre atachagua kukaa karibu na pampu ya maji, pale ambapo kelele inafuta kila neno hatua moja tu kutoka mdomoni. Kila mtu ataona nani kaenda, hakuna atakayesikia kitu.

#7 Katekista Mstaafu

Wanangu, nimehudumu visiwani kwa miaka mingi, kwenye kambi za dagaa, na haya mnayoyaita ya Jupita mimi nayajua kwa miguu. Padre alikuwa anakuja kwa boti, mara nyingine miezi mitatu inapita ziwa likiwa baya au injini ikiwa mbovu. Siku akija haina kificho. Anawekewa kiti cha plastiki nyuma ya banda, upande ambao upepo unapeleka sauti ziwani, sio kwa watu. Anayeungama anapiga magoti juu ya gunia la dagaa kwa sababu chini ni kokoto. Foleni inasimama kule kwenye chanja, na wote macho yapo kwenye saa: huyu kakaa sana, ana nini?

Na ndipo kambi ilipokuwa inakosea. Nyavu za mtu zikiibwa, watu walitazama nani hakuja kitubio wakampa wizi. Nimeshawatenganisha watu wameshikana mashati kwa ajili hiyo. Asiyekuja huenda hana dhambi kubwa. Aliyekuja wa kwanza huenda ana roho nyepesi tu inayomchoma kwa kitu kidogo. Msisuke hadithi yenu kwa kosa la kambi.

#8 Miamba Mitatu

Shikamoo mzee. Maneno yako yananipa mfupa wa hadithi, nauweka hapa muutafune.

Kituo kina watu tisa. Usiku mmoja hewa inaanza kuvuja kwenye chumba cha pembeni. Taratibu za kituo ni wazi: funga mlango wa chumba kinachovuja, okoa vingine. Mlango unafungwa. Ndani alikuwemo fundi wa hewa, amelala. Anakufa. Waliobaki wanakimbilia chumba cha katikati, na hewa bado inashuka kwa sababu mlango haukukaza vizuri. Wanajua wanakufa. Padre hana muda wa kumsikiliza mmoja mmoja, anatoa maondoleo ya jumla. Kanuni ya 961 inamruhusu: hatari ya kifo ipo mbele na muda hautoshi.

Halafu hawafi. Mlango unakaza, hewa inarudi.

Sasa Kanuni za 962 na 963 zinaingia. Aliyepokea maondoleo ya jumla akiwa na dhambi kubwa lazima awe na nia ya kuiungama mmoja kwa mmoja, na aende mapema inavyowezekana. Wakatoliki ni sita, padre akiwemo. Kesho yake padre anakaa karibu na pampu. Kituo kizima kinatazama foleni, na kila mtu anafanya kosa lile la kambi alilosema mzee.

#9 Fundi Meli

Hapa nashika mimi. Nimefanya kazi bandari ya kusini muda mrefu.

Kwanza, ukubwa wa tundu. Mwishoni mwa Agosti 2018 kwenye kituo cha kimataifa waligundua chombo cha Soyuz kinavuja. Tundu lilikuwa la milimita 2 hivi, limetobolewa kwa kekee. Waongozaji waliona presha inashuka usiku, wakawaacha wanaanga walale mpaka asubuhi maana hatari haikuwa ya haraka. Mmoja aliliziba kwa kidole, kisha likawekwa utepe na gundi. Desemba wakatoka nje kulichunguza kwa upande wa pili. Nani alitoboa, na wapi, umma haujaambiwa mpaka leo. Fumbo la kweli hilo. Ila kwa hadithi yako tundu la namna hiyo halimkimbizi mtu. Unahitaji kifungio cha mpira kilichopasuka, au valvu iliyoachwa wazi.

Pili, mlango. Watu wa ziwa hili hawahitaji kuelezwa habari ya hewa iliyonaswa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka kabla ya kufika Mwanza. Tumbo lilibaki juu, ndani watu wanagonga bati. Wakatoboa ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imenaswa ndiyo iliyokuwa inaishikilia meli, ikatoka, meli ikashuka. Waliotoboa walikuwa wanaokoa. Halafu Septemba 2018, wiki tatu baada ya lile tundu la Soyuz, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, na siku mbili baadaye fundi wake akatolewa hai kutoka kwenye mfuko wa hewa. Kwa hiyo ukiniambia mtu amefunga mlango na mwenzake yumo ndani, sikimbilii kusema muuaji. Nauliza alijua nini dakika ile, na nani alimpa habari.

#10 Sangara Mkavu

Uzi umenitoa machozi, mimi nilikuja kucheka. Fundi endelea kuwepo.

#11 Nesi wa Mlimani

Kwa nini marehemu hakuamka? Msomaji makini atauliza. Nawapa jibu lisilo na mashine ya ajabu.

Mahali pasipo na uzito, hewa ya moto haipandi na ya baridi haishuki. Unachopumua nje kinabaki usoni kwako kama hakuna feni ya kukisogeza. Ndiyo maana sehemu za kulala za wanaanga lazima ziwe na hewa inayotembea. Feni ikizimwa, kabonidayoksaidi inajikusanya kuzunguka kichwa. Haitamuua kirahisi, mwili unaisikia gesi hiyo na utamwamsha akihema. Ataamka na kichwa kinauma, akili nzito, mikono inapapasa. Mtu wa hali hiyo akipewa dakika mbili kufika mlangoni, hafiki.

Na msisahau hamna mchunguzi wa maiti. Mei 2000 mwanasayansi mmoja alifia kwenye kituo cha Marekani cha Ncha ya Kusini. Ilikuwa majira ya baridi, ndege hazifiki, mwili ukasubiri karibu miezi sita kupelekwa New Zealand. Ndipo wakakuta methanoli. Iliingiaje mwilini mwake, jibu halijapatikana. Daktari wa kituoni alikuwa amefanya aliyoweza na vifaa alivyokuwa navyo. Kwenye hadithi, feni ichunguzwe mapema, mbele ya msomaji, na mtu aseme "imeungua" na wote wakubali.

#12 Ustadhi wa Mirongo

Asalaam aleikum. Nimesoma tangu juu, nasubiri nione mtatukumbuka lini. Watu tisa, sita Wakatoliki, watatu wengine wamekaa tu kama mizigo?

Mkuu Miamba, umesema padre hawezi kupeleleza. Sawa. Basi mpe mwenzake kazi. Sisi toba ni kati ya mja na Mola wake, hakuna mtu wa kati wa kutunziwa siri. Weka Mwislamu mmoja msomi, fundi wa kituo, anayeongoza wenzake wawili kuswali. Yeye yuko huru kuuliza, kupima na kusema.

Na usimpe kanzu tu, kama ulivyolalamika juu ya kola. Mwaka 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda kituoni ilikuwa Ramadhani, na wanazuoni wa kwao wakatoa mwongozo. Vipindi vitano kwa saa 24, kwa saa za mahali alipoondokea, maana kule juu jua linachomoza mara 16 kwa siku. Kibla kwa kadiri anavyoweza: Kaaba yenyewe, kisha usawa wa Kaaba huko juu, kisha Dunia, kisha popote.

Sasa fikiri. Ukiwa Jupita, Dunia iko wapi? Ukitazama kutoka huko, haiachani na jua kwa zaidi ya nyuzi 12 hivi. Kwa hiyo mtu wako ataswali kuelekea dirisha la upande wa jua. Kila alfajiri anakwenda dirisha lilelile. Fundi, nisaidie hapo.

#13 Fundi Meli

Ustadhi, umeua!

Hewa ikitoka upande mmoja inasukuma chombo upande wa pili. Kituo kitazunguka polepole. Sio maneno ya kubuni: Julai 2021 injini za moduli mpya ya Urusi zilijiwasha zenyewe na kituo kizima kikageuka, mwishowe wakasema zaidi ya mzunguko mmoja, na waliomo wala hawakutikiswa.

Sasa mtu wako ameamka alfajiri. Anakwenda dirishani. Jua halipo mahali pake, limesogea kwenye kona ya fremu. Anadhani ni matengenezo, anarekebisha kibla, anaswali, na katikati ya swala ndipo kengele ya hatari inalia. Kumbukumbu za kituo zinasema hewa ilianza kuvuja dakika moja kabla ya kengele. Lakini kituo hakiwezi kugeuka kiasi hicho kwa dakika moja kwa msukumo mdogo vile. Ilikuwa inavuja muda mrefu. Kuna mtu aliizuia kengele, kisha akafuta kumbukumbu.

#14 Dada wa Nyegezi

Subirini. Vituo vina magurudumu ya kuvishika visigeuke. Yangerekebisha.

#15 Fundi Meli

Kweli dada. Yana mwisho wa kubeba lakini, yakishiba lazima injini zisaidie. Au rahisi zaidi: usiku ule yalizimwa kwa ukarabati, na ratiba ilibandikwa ukutani tangu sura ya kwanza. Aliyepanga aliuchagua usiku huo kwa sababu asubuhi kusogea kokote kungeitwa ukarabati. Hakumkumbuka mtu anayeangalia jua lipo wapi kila alfajiri kwa sababu za dini yake.

#16 Miamba Mitatu

Nimesimama nimetembea nimerudi. Hiki ndicho nilichokuwa nakililia. Hakuna mashine mpya, hakuna muujiza, Knox mwenyewe angetia saini. Msomaji anaambiwa kila kitu mapema: saa ya ustadhi wa kituoni inalia, dirisha lipo pale, ratiba ipo ukutani, feni "imeungua". Ukimtoa ustadhi, hakuna muda wa kweli wa kuvuja. Ukimtoa padre, hakuna maondoleo wala foleni, na kituo hakina wa kumshuku kimakosa.

Kwa hiyo wahusika ni wawili. Aliyefunga mlango, na aliyezima feni na kengele. Aliyefunga mlango alifuata utaratibu, hakujua kuna mtu ndani, kwa sababu bao la majina, lile linaloonyesha nani yuko chumba gani, lilionyesha chumba kitupu. Ndiye atakayekuwa wa kwanza kwenye foleni karibu na pampu, atakaa muda mrefu, atatoka macho mekundu. Kituo kizima kitamhukumu.

#17 Wakili wa Igoma

Na mahakamani huyo anaachiwa. Mwenye kesi ni yule wa kengele. Ila mtu anaweza kuachiwa na mahakama akauawa na wenzake jikoni. Watu wanane, hakuna polisi. Padre atafanya nini wakianza kumnyima chakula?

#18 Miamba Mitatu

Hapo ndipo panaponipa shida. Tuseme yule wa kwanza alimwambia padre ukweli wote: nilifunga, sikujua. Padre sasa anajua hana hatia. Anaweza kumtetea?

#19 Katekista Mstaafu

Hawezi kwa alichosikia. Akisema tu "muacheni huyu, hana kosa", ameshatoa kitu cha kitubio nje, hata kama ni kwa wema. Na akimtetea huyu akanyamaza kwa mwingine, amemtaja mwingine. Ila kuna anachoweza kufanya tangu mwanzo, kabla hajasikia la mtu: kusema hakuna atakayenyimwa chakula kituoni humu, awe nani. Padre mwenye akili angelisema hilo usiku uleule, kabla hajakaa pale kwenye pampu. Akichelewa mpaka kesho yake, watu watauliza kalipata wapi.

Na mtu mwenyewe aliyeungama anaweza kusema. Siri inamfunga padre, mdomo wa aliyeungama ni wake. Padre anaweza kumshauri palepale kwenye maungamo aende kwa ustadhi akaseme alichokiona kwenye lile bao la majina.

#20 Ustadhi wa Mirongo

Mzee Katekista, Mungu akuweke. Basi hapo ndipo wawili wanakutana bila padre kufungua kinywa. Jamaa anakuja kwa mtu wangu mwenyewe, anasema "bao lilionyesha hakuna mtu". Mtu wangu ana jua lililosogea, ana bao lililodanganya, ana feni. Vitatu hivyo vinatosha, maana vyote vinapita kwenye mikono ya mtu mmoja aliye hai anayeshika mfumo wa hewa na taarifa.

#21 Sangara Mkavu

Na huyo muuaji halisi aliungama au hakuungama?

#22 Miamba Mitatu

Nimeamua msomaji hataambiwa. Muuaji naye atapita kwenye foleni, wa nne, atakaa muda wa kawaida. Labda kaungama mauaji, labda kaungama uvivu wa kusali. Padre baada ya hapo anakula naye meza moja, anampa mkono, anamcheka kwenye drafti, sawasawa na anavyofanya kwa wote. Nitaiandika tabia yake ile kwa namna ambayo ukirudia kusoma ukiamini anajua, inasimama, na ukirudia ukiamini hajui, inasimama pia.

#23 Dada wa Nyegezi

Na muuaji akijua padre anajua? Akianza kuogopa? Chakula cha padre kinapita kwake.

#24 Miamba Mitatu

Dada, hilo limekuwa linanizungusha tangu asubuhi. Kwa 984 hawezi kuanza ghafla kukataa sahani ya mtu mmoja, kwa sababu sahani ile ikikataliwa, kituo kizima kimeshasoma. Atakula. Sura hiyo nitaipa nafasi kubwa kuliko ya ugunduzi wenyewe, kijiko kwa kijiko, na ustadhi amekaa mbele yake hajui kwa nini mwenzake kanyamaza namna ile.

Msimulizi atakuwa ustadhi, nimeshaamua. Akisimulia padre, kila ukurasa ni kuvunja siri.

Sura ya kwanza naiweka humu Jumamosi jioni. Fundi Meli, ile ya valvu nitakutumia kwanza uikague. Nesi, niambie kichwa kinauma upande gani kabonidayoksaidi ikizidi.

#25 Nesi wa Mlimani

Chote, mkuu. Na anapata usingizi akiwa macho. Andika hivyo.